Nakshi Niliyokosea Inagombewa na Bibi Wawili

Mama Mshauri, shikamoo. Naomba unishike mkono maana nacheka huku naogopa. Mimi ni mke wa mwalimu huku juu Iramba, na tangu mavuno nachora nakshi za nyungo kwenye daftari la hesabu, lile la miraba, na chini ya kila nakshi naandika jina la aliyenifundisha, kwa sababu wasichana siku hizi wanataka sinia za dukani na bibi zetu wanazikwa na nakshi zao, sasa siku moja nikachora ya mama mkwe wangu Raheli, kumbe nimeruka mstari, nami bila kujua nikasuka ungo kwa kufuata daftari, ukatoka mzuri ajabu, vipembe vyeusi vinakimbizana ukingoni kote! Mama mkwe kuuona tu, vigelegele: "Hii ni ya marehemu mama yangu, nilishaisahau!" Jirani yetu Stumai akadakia, "Thubutu! Ni ya mama yangu mimi!" Leo wiki ya tatu hawaamkiani, kila mmoja anataka jina la mama yake liandikwe, na mwezi ujao Bwana Shauri, yule ofisa wa wilaya, anakuja kwenye maonyesho ya kazi za mikono, daftari litasomwa mbele ya watu wote. Nikisema ukweli nitawaaibisha nao hawatanifundisha tena, na nakshi zilizobaki ni nyingi. Nikinyamaza, daftari langu ni la uongo. Niandike jina la nani?

Damari, Iramba

Marahaba, binti yangu. Nimecheka mpaka chai ikapoa. Pole, lakini nawe! Wazee wawili wamenuniana wiki tatu, umekaa kimya na penseli yako? Hilo ndilo kosa, kuruka mstari si kitu.

Usingoje maonyesho. Mwambie mama mkwe kwanza, ninyi wawili tu, jikoni. Piga magoti, mwonyeshe kwa kidole mstari ulioruka. Wala usimwone mwongo: aliona kitu kizuri akamkumbuka mama yake. Kisha nendeni pamoja kwa Stumai. Watakucheka, waache wacheke. Wakishatulia, waombe kila mmoja akusukie nakshi ya mama yake hasa, nawe uchore hapo hapo, ukihesabu mara mbili.

Unauliza jina la nani. Hivi huoni? Wasukaji wawili waliozeekea kazi hiyo wanagombania ungo uliotoka mikononi mwako. Andika Damari, tena kwa wino.