Rukia Yumo Ndani ya Arobaini

Mwanaidi,

Nani alikufunza kumpiga picha mgonjwa? Mamako hakukufunza, na mimi sikukufunza. Ami yako kanionyesha kwenye simu: Mwana Siti, mtu mzima yule, kashikishwa miwani ya bure kama kombe la mpira, na wewe pembeni meno nje. Haya, asalam aleikum. Ndiyo salamu yenyewe hiyo, ipokee.

Kifua chako vipi? Mimi ni goti tu. Daktari wa huku Eldoret asema litapona, baridi yasema halitapona. Nikiamka nasikiliza honi ya feri, kumbe ni ng'ombe wa jirani. Mahamri ya huku hata iliki hayana. Na mikono yangu imekaa bure, mwanangu. Mimi niliyekanda wazazi wa mtaa mzima wa Timbwani wakishajifungua, huku sina wa kumgusa. Jana nimemkanda bega mke wa ami yako, wala hakuniomba.

Nnakuandikia kwa sababu kwenye simu wasema "ndiyo bibi", mgeni akiingia wakata. Barua hutaikata. Ami yako ashuka nayo leo.

Sasa nisikize. Hiyo spa yako ya Bamburi yapata riziki kwa wageni wa hoteli, alhamdulillahi, na mafuta ni yale niliyokufunza kuyapika. Kutoa fungu la faida ukaleta madaktari na nesi Timbwani wapime watu bure na kugawa miwani, hilo nakusifu, wallahi. Nimetamba nalo hata kwa muuza maziwa.

Lakini hema la madaktari umelitia katikati ya uwanja, spika yalia, wanaume wamejaa. Rukia angepita wapi? Rukia mke wa Salim, tuliyepakana naye ukuta, kajifungua majuzi, yumo ndani ya arobaini. Mkwewe, Bi Zainabu, kanipigia simu akilia. Siku ile Rukia alikuwa aumwa na kichwa, macho yaona vimulimuli. Kusikia spika akasema, "Mama, nende nikapimwe?" Mkwewe akamjibu, "Wende wapi na arobaini haijesha? Wakupige picha?" Jioni akaanguka uani. Presha. Akalazwa, Mungu kamnusuru, karudi kwa mwanawe.

Bi Zainabu nimemwambia, "Arobaini ni ya kumpumzisha mzazi, si ya kumzika." Naye akanijibu, "Na mjukuu wako je? Kapita mlango wangu wa uani akipeleka makatoni ya maji hemani, hata hodi hakubisha."

Nikamuomba radhi kwa niaba yako. Mimi, Mwanamkuu, nikaomba radhi!

Wewe umekulia kwenye milango ya uani. Ulikuwa wanibebea bakuli la mafuta, na nyumba yenye mzazi waijua kwa harufu ya udi kabla hatujafika. Ningekuwa na goti ningerudi leo. Nikifumba macho napita njia ile ya nyuma, nabisha hodi, naitikiwa "karibu Bi Mkubwa", na uji wa pilipili manga uko jikoni wanukia. Nikifumbua ni soksi mbili mbili na ukungu dirishani.

Nisalimie mamako, na paka asilale kitandani kwangu. Maalim wa madrasa aniombee goti. Bi Zainabu naye msalimie, ingawa ulimi wake mkali.

Rukia yataka apimwe tena na tena, na yeye hatoki. Kwa hivyo mchukue yule nesi wako na mashine yake ya presha, mpitie uani. Kamera ibaki Bamburi. Mafuta yangu usimpake mpaka nesi aseme ametulia, mafuta hayashushi presha. Ukitoka hapo, uliza nyumba ya pili kuna mzazi gani, ubishe hodi huko nako.

Ni mimi bibi yako, niliye mbali na mlango wangu,
Mwanamkuu

Usiikunje barua hii kwanza. Mpigie nesi.