Feni ya Chumbani kwa Zuhura

Rukia wangu,

Huku Likoni sote hatujambo, na Zuhura, mke wa ami yako, amejifungua salama. Umeuliza kwa nini simu yangu haipatikani, ilhali babu yako amefunga paneli ya sola juu ya bati. Betri ni ndogo, mjukuu wangu. Simu zangoja, feni yazunguka chumbani kwa Zuhura.

Nilipomzaa babako, joto lilikuwa kali na umeme hatukuwa nao. Mimi na mavyaa yangu, mamake babu yako, tulikuwa hatusemezani. Siku hiyo aliingia na kipepeo cha ukili, akaketi, akanipepea.

"Utachoka," nikamwambia.

"Lala, mwanangu."

Hakuwa amewahi kuniita hivyo. Nilipoamka alikuwa amebadilisha mkono, bado anapepea. Nikalia. Tangu hapo nikamwita mama.

Mola akuhifadhi huko uliko.

Bibi yako