Meno ya Juu Yalitangulia

Jumanne, saa kumi na moja jioni, Nshambya, Bukoba.

Mvua imenyesha tangu alfajiri, ile mvua ya kwetu isiyo na haraka. Nimerudi kutoka Hamugembe na viatu vyenye matope, nimevivua mlangoni, nimekaa. Najipapasa moyoni kama mtu anayetafuta funguo mfukoni na sikuti kitu. Si huzuni, si nafuu.

Ninyi wachache mnaonisoma mmezoea habari za migomba yangu na magoti yangu. Leo magoti yatasubiri.

Nianzie Jumapili. Tulikuwa tumetoka misa, simu ikalia mkobani. Mwanangu Deo, ambaye siku hizi ana mvi kunizidi mimi mama yake, alikuwa ametuma picha ya mjukuu wake kwenye kundi la familia. Mtoto wa miezi saba anacheka mdomo wazi, na kwenye ufizi wa juu ana meno mawili meupe. Chini hana hata moja. Watu walikuwa wameshaanza utani, huyu anamwita sungura, yule anauliza kama mahindi yameiva.

Kando yangu alisimama Yustina. Tunajuana tangu kijiji cha ujamaa kule Muleba, tulipokuwa kinamama wachanga, kila mmoja na mtoto wake wa kwanza. Aliichukua simu, akaisogeza mbali na macho kama tunavyofanya wazee, akatazama sana.

"Siku hizi wanapigwa picha," akasema. Kisha akasema, "Tungemwona mmoja tu enzi zile, Mama Deo. Mmoja tu."

Nikachukua simu yangu. Nikamwambia mvua inakuja, tuondoke.

Sasa niandike, maana nikiacha leo sitaandika tena.

Wakati huo mkoa wetu uliitwa Ziwa Magharibi. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliipenda siasa ya ujamaa kwa moyo wote, akatutoa kwenye kibanja cha migomba cha baba yake na kutupeleka kijiji kipya kilichoanzishwa rweya, kule kwenye nyasi tupu ambako migomba ilikuwa na sura ya wagonjwa. Mama mkwe alikuja nasi akinung'unika njia nzima. Kwa kuwa nilikuwa nimesoma kuliko wanawake wengi wa pale, kijiji kilinichagua niende Bukoba kwa mafunzo ya miezi michache. Nikarudi na mizani ya kuning'iniza, sanduku la dawa na cheo cha mhudumu wa afya. Kila Alhamisi kinamama walileta watoto kupimwa.

Somo nililolipenda ni la mdomo wa mtoto. Hata leo naweza kulifundisha nikiwa nusu usingizini. Mtoto anazaliwa kidevu kimerudi nyuma, mashavu yamejaa mafuta, ulimi umejaza mdomo mzima, na vyote hivyo ni kwa ajili ya kunyonya. Anaikandamiza chuchu kati ya ulimi na kaakaa, nyuma tu ya ufizi wa juu, na maziwa yanatoka. Ukimpa uji mapema ulimi unausukuma nje. Hakatai chakula, bado hajajua kukirudisha nyuma. Ngojeni, niliwaambia, ataanza kutafuna kwa fizi kabla jino halijatoka. Na meno yanatoka kama yanavyotaka, mwingine mapema, mwingine baadaye, mwingine ya chini, mwingine ya juu.

Hapo kwenye "ya juu" kinamama walikuwa wakiangalia chini.

Wazee wetu pale walisema mtoto aliyetanguliza meno ya juu atawamaliza ndugu zake. Hakuna aliyeweza kunitajia ndugu aliyewahi kumalizwa, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Palikuwa na bibi mmoja kijiji cha jirani aliyeitwa kuyang'oa kabla watu hawajajua.

Deo alikuwa na miezi sita. Nilikuwa namsafisha mdomo kwa kitambaa, kidole changu kikagusa kitu kigumu. Juu, upande wa kushoto. Siku tatu baadaye likaja la pili.

Mimi, mwalimu wa Alhamisi.

Sikumwambia mume wangu. Mama mkwe ndiye niliyemwogopa zaidi, kwa sababu alimpenda Deo kupita kiasi, na mtu wa namna hiyo angefanya lolote ili "amsaidie". Nikaenda kwenye sanduku langu, nikatoa ile dawa ya zambarau tuliyokuwa tukiwapaka watoto wenye utando mweupe mdomoni. Nikampaka Deo midomo, fizi, ulimi na vijino vyenyewe. Nikasema mtoto ana utando, asibebwe ovyo, asibusiwe, mtu asimtie kidole mdomoni. Nani angependa kuchungulia mdomo wa zambarau? Kila asubuhi nilimpaka upya. Alipotaka kucheka mbele za watu nilimgeuza anitazame kifuani. Nilimbeba mgongoni popote nilipokwenda, hata shambani kwenye kazi za kijiji, na watu wakanisifu kwamba najua kulea.

Alhamisi moja Yustina alisubiri wenzake waondoke wote. Akafunga mlango. Akamfungua mwanawe mdomo akanionyesha meno mawili ya juu. Hakuwa analia, alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kulia.

Nikaanza somo langu. Nikasema vitabu vinasema hakuna neno, ni mpangilio tu, ya chini yatafuata.

"Vitabu sikukuuliza," akasema. "Nakuuliza wewe. Umewahi kumwona mtoto wa hivi, akawa mzima, na kwao hapakutokea kitu?"

Deo alikuwa mgongoni mwangu. Nilisikia pumzi yake shingoni.

Nikasema, "Sijamwona."

Basi. Neno moja. Ningeweza kusema nimemwona Bukoba nilipokuwa masomoni, hata huo ungekuwa uongo wenye faida. Lakini niliogopa kwamba nikisema nimemwona ataniuliza yuko wapi, na uso wangu utajibu. Yustina alimfunga mtoto mgongoni, akanishukuru kwa kumsikiliza, akaondoka.

Baada ya siku chache akaja mume wake mbio. Bibi wa kijiji cha jirani alikuwa ameitwa, akayachokoa yale meno kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa. Nilipofika mtoto alikuwa amevimba ufizi wa juu hadi puani, na alikuwa hanyonyi. Alilitaka titi, nalo alipewa, lakini kila alipolikamata na kulikandamiza aliliachia kwa kelele. Mimi ndiye niliyejua kwa nini. Kidonda kilikuwa pale pale nilipowaeleza kinamama kila wiki.

Tulimkamulia maziwa kwenye kikombe, nikamlisha kwa kijiko. Yalimwagika zaidi ya yaliyoingia. Nilimlisha siku nzima na kesho yake. Lori la kijiji lilikuwa limekwenda na kahawa, na barabara ilikuwa telezi, kwa hiyo tulisubiri. Siku ya tatu lilipatikana. Tulikaa nyuma juu ya magunia, Yustina na mwanawe mapajani, mimi na wangu mgongoni. Nisingeweza kumwacha Deo kwa mama mkwe siku nzima na dawa ikafutika.

Mtoto alikata roho kabla hatujafika. Yustina hakupiga kelele. Aliendelea kumshika kama anayemnyonyesha.

Kisha Deo akaamka akataka kunyonya. Akalia kwa nguvu, na maziwa yangu yalikuwa yameshaanza kutoka yenyewe. Nikamzungusha mbele nikampa titi pale pale, mbele ya mama aliyeshika maiti ya mwanawe. Nikamfunika kwa kanga kichwa chote. Yustina alidhani ninamwonea huruma, nisimwonyeshe mtoto anayenyonya. Akanigusa goti akasema, "Mnyonyeshe tu, Mama Deo."

Nilimfunika asimwone mdomo.

Hiyo ndiyo siku nilipoacha kuhisi vizuri. Sijui namna nyingine ya kuieleza. Watu wanasema moyo ulivunjika. Wangu haukuvunjika, ulikaa kimya kama mguu uliolaliwa, na haujarudi sawasawa hadi leo. Nimezaa wengine watano, nimemzika mume, nimefanya kila kitu kama inavyotakiwa.

Baada ya majuma mawili Deo akaota ya chini. Nikaacha dawa ya zambarau, nikamwita mama mkwe aje aone meno manne kwa mpigo. Alicheza. Akachinjiwa kuku mtoto ambaye hawezi kula kuku. Alhamisi iliyofuata nikafundisha somo la kuhara.

Kwenye mafunzo tulipewa methali ya kuwaambia kinamama wanaochelewesha wagonjwa, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Niliisema mara nyingi sana. Kwangu kifo kilikosea nyumba, hakikuniumbua.

Na Yustina, miaka yote hii, amenishukuru. Alihamia Hamugembe kwa binti yake, mimi nikajenga hapa Nshambya, tukakutana tena kanisani. Kila akileta mjukuu mpya ananionyesha kwake: huyu bibi alimlisha mwanangu kijiko cha mwisho, msalimieni kwa heshima. Watoto wanapiga magoti. Nami napokea salamu.

Ningeweza kufa nazo hizo salamu. Kwa kweli nilikuwa nimeshapanga hivyo.

Lakini "mmoja tu" ya Jumapili ilikataa kuondoka. Jana sikula. Leo mchana nikapanda bodaboda kwenye mvua, kijana akanifunika na mwavuli wake wa pikipiki, nikashuka Hamugembe kwenye migomba ya binti yake. Yustina alikuwa peke yake jikoni anamenya ndizi. Alifurahi. Akasema "karibu waitu" kwa heshima ya kwetu na kunitengea kigoda, akanipa kahawa ya kutafuna. Nikaishika mkononi bila kuitia mdomoni.

Nikamwambia. Sikuzunguka. Nilisema Deo alitanguliza ya juu, nilisema dawa ya zambarau, nilisema siku ile uliponiuliza.

Kisu chake kilisimama.

"Alikuwa mgongoni," akasema.

"Alikuwa mgongoni."

"Na kwenye lori."

"Na kwenye lori."

Akamaliza kumenya ndizi aliyokuwa ameishika. Akaiweka kwenye sufuria ya maji. Nilingoja anitukane, na najua ningeyapokea matusi kama maji kwa mtu mwenye kiu. Hakutukana. Aliuliza jambo moja.

"Mwanangu aliitwa nani?"

Nilifungua mdomo. Nakumbuka uzito wake, nilimpima mwenyewe, sindano ya mizani ilikuwa inapanda kidogo kila mwezi. Nakumbuka kikombe, kilikuwa cha bati chenye ua jekundu. Nakumbuka vile vijino viwili, cha kulia kilikuwa kimekaa upande. Niliandika jina lake kwenye kadi kwa mkono wangu, tena zaidi ya mara moja.

Nilikaa pale kwenye kigoda, mwanamke mzima wa miaka hii, nikatafuta, na halikuja.

"Sikumbuki," nikasema.

Alichukua ndizi nyingine, akaanza kuimenya. Mvua ilikuwa inapiga bati. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Evodius."

Nikaitazama kahawa mkononi.

"Liseme."

"Evodius."

"Tena."

Nikalisema tena. Akanifanya nilirudie hadi lilipotoka bila kukwama, kama tunavyofundisha watoto sala. Kisha akafungua mlango wa jikoni, akatazama nje, akasema mvua imepungua, niende nyumbani. Hakunisindikiza. Kwetu mgeni husindikizwa, hata adui, na nilitembea peke yangu hadi barabarani.

Sijalia. Nilidhani leo nitalia, nikabeba hata leso. Nimekaa, nimeandika, chai imepoa, moyo uko pale pale ulipokuwa. Sijui kama Jumapili atanisalimia. Deo nitampigia kesho nimweleze alivyoishi.

Evodius, mtoto wa kwanza wa Yustina. Kesho nikiamka nitaliandika tena kabla sijasema neno lingine lolote.