Lami kwenye Tandiko la Mama

Jumamosi, 4 Juni 1960

Nimetoka stesheni saa kumi. Nimemjibu tena kwa karatasi yule karani wa chama kingine anayehubiri subira. Kurasa tatu, hakubaki na mfupa. Kesho mkutano, na hatuna kitambaa cha bango. Maduka yamefungwa. Nikafungua sanduku la Mama, analoliweka kwangu kwa sababu paa langu ni la bati. Tandiko lake la kitanda: ndege ambao bibi yangu alitarizi kwa uzi mwekundu katika chumba cha kushonea cha masista, na samaki ambao Mama aliongeza. Nyuma ni jeupe tupu. Nikachukua lami ya kupaka mabehewa, nikaandika: MIKONO YETU SI YAO.

Nilifurahi. Liandikwe hilo pia.

Jumapili, 5 Juni

Makofi mpaka vumbi likapanda. Nimesema sindano za masista zilikuwa minyororo ya wanawake wetu. Papa Bonifasi, muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, alishika mti mmoja wa bango akitokwa machozi. Limebaki kwake.

Ijumaa, 10 Juni

Dada yangu Adolfina amekuja kutoka Katanika. Mama hainuki tena kitandani. Anataka tandiko. Wanawake wa kwetu hulilalia usiku wa arusi, tena hulazwa juu yake siku ya kufa, kabla ya jeneza. Kisha binti hulirithi na kutarizi chake juu yake. Nililijua hilo tangu utoto. Lakini nilikuwa na mkutano.

Nimemwambia linafuliwa.

“Na nani? Weye?” Akacheka. “Weye unafua watu kwa kalamu tu, kaka.”

Mwongo mimi. Kila wiki nawaita wengine waongo.

Jumamosi, 11 Juni

Nimelikuta uani kwa Bonifasi, limefunika lundo la ndagala lisipate umande.

“Bango letu, Papa!” akaniambia. “ Mikutano ikiisha, linalinda samaki. Hilo njo mwanachama wa kweli!”

Alijivuna. Ningemkasirikiaje? Lami imepenya hadi upande wa mbele. Ndege wawili wana matumbo meusi.

Jumatatu, 13 Juni

Nimeomba ruhusa kazini. Ziwani, na sabuni, na mafuta ya taa. Wanawake waliacha ndoo zao.

“Mumutazame! Papa wa politike anafua!”

“Muke wake alimufukuza?”

“Hapana, uhuru umefika!”

Siku nyingine ningewajibu wakakimbia. Nimesugua tu. Mikono imechubuka, lami haikutoka. Harufu ya ndagala nayo haikutoka.

Jumatano, 15 Juni

Katanika. Macho ya Mama yamekwisha, anaona kwa vidole. Alipitia ndege mmoja mmoja, akafika penye ugumu. Akanusa.

“Lami,” akasema. “Na ndagala.”

Nikamweleza yote. Sijawahi kumwogopa askari hivyo.

“Walikupigia makofi?”

“Ndiyo, Mama.”

“Sana?”

“Sana.”

“Bibi yako hakupigiwa hata siku moja.”

Akageukia ukuta.

Jumamosi, 18 Juni

Mama amefariki alfajiri. Adolfina alileta shuka jipya, hakutaka aibu mbele ya watu. Shangazi akamzuia: jana Mama alisema hilohilo, lisibadilishwe. Wakamlaza juu ya ndege. Maneno yangu chini, kwenye mkeka. Watu walikuja, wakalia, wakasifu uzi. Nilisimama nje na wanaume. Mmoja akaniomba hotuba. Nimekataa.

Jumapili, 26 Juni

Sijaandika kitu wiki nzima. Yule karani ametoa karatasi ya kunitukana. Sijamaliza kuisoma.

Nilikuwa kwa Adolfina, Bonifasi akafika amevaa koti. Uhuru ni Alhamisi, anataka bango. Tandiko lilikuwa limeanikwa kwenye kamba, herufi zikitazama barabara.

“Hata hapa linasomeka vizuri, Papa.”

Nikamwambia si bango. Nikamwomba ashike upande mmoja. Akavua kofia, akashika. Tukaligeuza. Ndege wakatazama barabara, na wale wawili wenye matumbo meusi.

Adolfina alikuwa ameketi mlangoni, uzi mwekundu mkononi. Zamu yake. Alikuwa akitafuta pa kuanzia.