Au Kinacholingana Nacho

Jumatatu, 2 Februari

Chai, mihogo ya kuchemsha, ofisini. Umeme umekatika, ukarudi, ukakatika tena. Nimekaa gizani nikiwaza feni. Kompyuta ya gemu inahitaji feni ngapi katika mji wenye vumbi kama huu? Mtu mzima, afisa ugavi, mvi zimeshaanza, nawaza feni.

Anitha anakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Mwanangu wa pekee. Amemaliza kidato cha nne, anasubiri kupangiwa shule, yuko kwa mama yake Dar. Serikali ilipohamia Dodoma nilihama nayo, mama yake akabaki na duka lake. Mwanzoni nilikwenda kila wikiendi. Baadaye kila mwezi. Baadaye ndoa ikawa haipo, na hakuna anayeweza kusema iliondoka lini. Anitha amewahi kuja hapa mara moja tu. Alisema kunachosha.

Kwa hiyo nimemwahidi: tutaunda kompyuta ya gemu, mimi na yeye, kifaa kwa kifaa. Ila itakaa Dodoma. Mama yake alicheka kwenye simu, akasema namtega mtoto kama kware. Ni kweli. Sina mtego mwingine.

Jumatano, 4 Februari

Ametuma orodha yake. Prosesa hii, grafiksi kadi hii, mazabodi hii. Mazabodi ndiyo ule ubao mkubwa ambao vingine vyote huchomekwa. Majina yenye namba ndefu, kama namba za magari. Nimejibu "sawa mwanangu" na sijaelewa hata mstari mmoja. Nimeona aibu kuuliza.

Nimefanya ninavyojua. Nimeandika maombi ya bei kwa wauzaji watatu wa Kariakoo, kila kifaa peke yake, mwenye bei nzuri achukue. Kazini haturuhusiwi kutaja aina ya bidhaa bila kuongeza yale maneno, "au kinacholingana nacho", wakaguzi wasije wakasema tuna mtu wetu. Nimeyaweka kila mstari. Mkono umezoea. Kwa mara ya kwanza wiki hii nilijua ninachofanya.

Ijumaa, 6 Februari

Wasiwasi. Pawasaplai, kile kifaa cha kuilisha kompyuta umeme. Muuzaji mmoja anasema hii inatosha, mwingine anasema itaungua na kuunguza kila kitu. Umeme wa mtaa wetu hapa Chang'ombe unapanda na kushuka. Friji ya Mama Chibago, mwenye nyumba wangu, ilikufa hivyo hivyo. Nimechagua pawasaplai kubwa zaidi. Na stabilaiza juu yake.

Keisi nimechukua yenye kioo ubavuni na taa za rangi. Alipokuwa mdogo alipenda taa za rangi. Sasa sijui. Sijui anapenda nini.

Jumanne, 10 Februari

Mizigo yote imefika kwa basi. Nimeipanga sebuleni. Mama Chibago akachungulia, akanisalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa, Baba Anitha. Umeoa?"

Alidhani ni zawadi za harusi. Nikamwambia ni kompyuta ya mtoto. Akauliza kama shule ndiyo imeagiza. Hapana, ya kuchezea. Akanitazama kwa huruma, akaondoka.

Sijafungua boksi hata moja. Tutafungua pamoja. Nimefunika yote kwa shuka.

Alhamisi, 12 Februari

Na asipokuja?

Jumamosi, 14 Februari

Amekuja. Nimempokea stesheni. Amekuwa mrefu kuliko mama yake. "Shikamoo baba," akasema, na begi akalibeba mwenyewe. Marahaba yangu ilitoka kwa sauti kubwa mno, watu wakageuka.

Maongezi hayaendi. Namuuliza habari za safari, anajibu. Namuuliza habari za mtihani, anajibu. Mama Chibago ameleta ugali na mlenda. Anitha ameonja kwa adabu na kunywa maji mengi. Yeye ameniuliza swali moja tu: tunaanza lini? Nimesema kesho, baada ya kanisa. Ningesema leo, kesho tungefanya nini?

Jumapili, 15 Februari

Tumekaa sakafuni kama watoto. Alikuwa anafungua maboksi na kunieleza, na mimi nilikuwa namshikia skrubu. Amenicheka niliposhika feni kinyumenyume. Anacheka kama marehemu mama yangu, mabega yanatikisika. Nilikuwa nimesahau. Nilikuwa na furaha hadi nikaogopa.

Halafu akafungua mazabodi. Akaigeuza. Akaiweka kando ya prosesa.

"Baba, hii siyo. Haiendani na prosesa. Hii ni ya prosesa za kampuni nyingine."

Nikasema labda tukandamize kidogo, itaingia. Akanidaka mkono haraka, vile nilivyokuwa namdaka yeye karibu na jiko. Akasema nitavunja pini. Akaomba aone nilivyoagiza. Akasoma kwenye simu yangu.

"Au kinacholingana nacho ndiyo nini?"

Nimemweleza habari za wakaguzi. Nilijisikia nikieleza, nikatamani kunyamaza, nikaendelea. Yeye akavirudisha vifaa kwenye maboksi, kimoja kimoja. Mazoea yana taabu. Mtoto alinipa majina, mimi nikatangaza zabuni. Nimejichukia.

Jumatatu, 16 Februari

Nimempigia muuzaji nikiwa na hasira zangu zote.

"Mzee wangu, si umeandika mwenyewe? Nimekupa kinacholingana, tena kizuri kuliko kile."

Hana kosa. Atabadilisha, ila arudishiwe hii kwanza. Nyingine itafika wiki ijayo. Anitha anaondoka kesho.

Jioni akaja na hoja. Abebe vyote, akabadilishe mwenyewe Kariakoo, aunde huko huko. Hoja nzuri. Ningeipitisha kikao chochote. Nikasema hapana. Nikasema tulikubaliana itakaa hapa na makubaliano ni makubaliano. Sauti ya ofisini, kwa mwanangu.

"Sawa, baba." Akaingia chumbani.

Sawa ile naijua. Mama yake aliitumia mwaka mzima kabla ya kuacha kunipigia simu.

Naogopa. Nikiiweka hapa, nimemuudhi. Ikienda Dar, hana tena cha kufuata Dodoma. Sijapata mahali pa kusimama kati ya haya mawili.

Jumanne, 17 Februari

Asubuhi nimefunga maboksi yote kwa kamba. Nikamwambia achukue, ni yake, akaunde popote anapotaka. Hakushangilia. Aliuliza kama nina uhakika. Akauliza tena kwenye bajaji. Nilisema ndiyo mara zote mbili, na mara zote mbili nilidanganya.

Stesheni mhudumu alilalamika kuhusu ukubwa wa mzigo. Nilibishana naye mpaka akachoka. Angalau hilo niliweza. Anitha alinipungia mkono dirishani, halafu treni ikaondoka naye na kila kitu. Nimefika kazini nimechelewa. Sikumweleza mtu.

Jumapili, 22 Februari

Kanisani. Nimefua, nimefagia. Sebule kubwa kumbe. Mama Chibago ameleta zabibu za shambani kwao, nimekula zote nikiwa nimesimama.

Jioni Anitha ametuma picha. Kompyuta inawaka, mezani kwa mama yake. Waya zote amezificha nyuma, kazi safi. Nimefurahi na imeniuma, vyote kwa pamoja.

Nikampigia. Amenieleza joto la prosesa, kelele za feni, gemu gani linakwenda laini na lipi linakwama. Sikuelewa yote. Mara hii niliuliza, naye akarudia polepole.

Kabla ya kukata akasema Pasaka anakuja. Wiki nzima, kama sina safari.

Huku hakuacha kitu. Hata waya wa chaji hakuacha. Sikumuuliza anafuata nini.

Nimesema sina safari.