Nilimshtaki kwa Ukweli, Nikachukua Nafasi Yake

Mama mshauri, shikamoo. Nausoma ukurasa wako tangu nikiwa sekondari na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja na mimi nitakuwa kati ya wale wanaokuandikia, lakini zimebaki siku kumi na nane nisafiri na sina mtu mwingine wa kumwambia haya, kwa hiyo nakuomba unisikilize mpaka mwisho, halafu unikemee kadiri utakavyoona inafaa. Jina langu la kweli usiliandike, niite Aneth. Nina miaka thelathini na moja, kwetu ni Unyambwa hapa Singida, baba yangu mzee Alute ni mkulima wa alizeti na mtama, na mimi kazi yangu ni urubani.

Watu wakisikia rubani wanafikiri maisha yamenyooka, lakini mimi nilikuwa narusha ndege ndogo za abiria kumi na wawili za kampuni moja ya kukodi, tunapeleka watalii mbugani, tunarudisha wagonjwa, tunatua kwenye viwanja vya vumbi ambapo kwanza inabidi uzunguke chini chini kuwafukuza swala. Kila rubani wa ndege hizo anaota kitu kimoja, kupata kazi nje kwenye ndege kubwa, na kupata kazi hiyo ukiwa umezaliwa huku ni vita, kwa sababu kila nchi inaajiri kwanza watoto wake, halafu zile nafasi zinazobaki tunazigombania sisi wageni wa dunia nzima, Wakenya, Wahabeshi, Wapakistani, Wabrazili, wengine wana saa za kuruka mara tatu ya zangu. Katika miaka minne niliomba kwenye mashirika tisa. Saba hayakujibu kabisa, na mawili yalinijibu kwa sentensi moja.

Katika kampuni yetu nilikuwa na rafiki, nimwite Chediel, mwenyeji wa Itigi. Yeye alinitangulia kazini, ndiye aliyenifundisha viwanja vyote vibaya, tulikuwa tunaitana kaka na dada kwa sababu mkoa wetu mmoja na huko mjini watu wa Singida tuliokuwa kwenye kazi hiyo tulikuwa sisi wawili tu. Mama yake, mama Marietha, nikipita Itigi nalala kwake, na ananiita mwanangu.

Sasa mwaka jana mwezi wa pili tulitua mbugani, Chediel akiwa kapteni na mimi msaidizi wake, abiria wakashuka wakaondoka na magari yao, tukabaki wawili tukifunga milango, mara nikasikia kishindo, nikageuka nikamkuta yuko chini karibu na gurudumu, mwili unatetemeka, macho yamegeuka, damu inatoka mdomoni kwa sababu ameuma ulimi. Ilichukua kama dakika mbili. Nilimlaza ubavu nikamshika kichwa nikilia peke yangu katikati ya uwanja. Alipozinduka hakujua yuko wapi, na alipojua, neno la kwanza aliloniambia ni hili: "Dada, hukuona kitu. Ni njaa tu, sijala tangu jana."

Nikamwambia, "Kaka, hii si njaa. Inabidi useme kwa daktari anayetupima kwa ajili ya leseni."

Akanishika mkono akasema, "Nikisema, sirushi tena maisha yangu yote. Na kule nyumbani unajua watu wanavyomtazama mtu mwenye kifafa. Nakuomba kwa jina la mama yangu."

Mama, nikanyamaza. Nikarusha ndege mimi kurudi, na nikanyamaza miezi minane, huku yeye akiendelea kuruka, mara nyingine akiwa rubani peke yake na watu kumi na wawili nyuma yake.

Mwezi wa kumi shirika moja kubwa la nje likatuita wote wawili kwenye usaili, tukaenda, tukafanya mitihani ya siku tatu pamoja na wageni wenzetu zaidi ya sitini, tukarudi kusubiri. Wiki tatu baadaye Chediel akanipigia kwa furaha mpaka sauti inakatika, akasema wamemwandikia kwamba nafasi za wageni zimepunguzwa, lakini yeye yumo, na mimi ni wa kwanza kwenye orodha ya akiba. Nikampongeza. Nilimpongeza kwa sauti nzuri kabisa. Nikakata simu, nikakaa kitandani, na kabla chai niliyokuwa nimejimiminia haijapoa nilikuwa nimeshaandika barua pepe kwa mamlaka ya usafiri wa anga, sentensi tatu, bila jina langu, kwamba rubani fulani alianguka kifafa tarehe fulani mahali fulani na anaficha.

Walimwita, wakampima, wakakuta ni kweli. Leseni ikasimamishwa, lile shirika la nje likafuta ofa yake, na baada ya siku kumi na moja barua ya kazi ikaja kwangu.

Chediel amerudi Itigi. Anafanya kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti, anashona magunia, na ninasikia vidonge alivyoandikiwa havimezi, anasema akivimeza atakuwa amekubali kwamba yeye ni mgonjwa. Ameshikilia kwamba aliyemchongea ni mwenzetu mmoja anaitwa Raymond, kwa kuwa waliwahi kugombana, na amewaandikia marubani wote wamjue msaliti ni nani, sasa Raymond kazini hasalimiwi. Alinipigia akalia, "Dada, umekaa kimya sana. Waambie watu nimeonewa." Nikamjibu pole kaka.

Na sasa nyumbani wameandaa kuniaga Jumamosi ya wiki ijayo, baba amealika ukoo na kanisa, na bila kuniuliza amemwalika mama Marietha asimame kunibariki kwa niaba ya wazazi. Mama huyo amekubali. Jana amenipigia akasema, "Mwanangu, angalau mmoja wenu amefika."

Najiambia nilichoandika kilikuwa kweli, na labda nimeokoa watu. Halafu najua kwamba siku ile sikuwafikiria watu hata kidogo. Je, niikatae kazi? Niondoke kimya, niwaache na amani yao? Au niseme, nimvunje moyo mama wa watu siku ya sherehe? Nisaidie, mama. Nimechoka kujisikiliza.

Aneth, Unyambwa

MAJIBU YA MAMA THEODORA

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikikuhurumia na mara ya pili nikikukasirikia, na zote mbili nitakupa.

Pole. Kumshika rafiki kichwa akitetemeka chini, ukiwa peke yako, si jambo dogo, na kunyimwa kazi miaka minne kwa sababu ya mahali ulipozaliwa kunamchosha mtu. Hayo nimeyaelewa.

Sasa tuseme ukweli. Unaniuliza kuhusu barua pepe uliyoandika. Mimi nakuuliza kuhusu miezi minane ambayo hukuandika. Umeipita kwa mstari mmoja, kama vile haina uzito. Watu walipanda ile ndege na watoto wao, na wewe ulijua, ukaenda kulala. Kosa lako kubwa liko hapo. Ungemsemea Chediel wiki ileile, au ungempeleka kwa daktari wewe mwenyewe, angekuchukia, lakini ungekuwa rafiki yake. Ulichofanya ni kuiweka siri yake mpaka siku ilipokufaa.

Kwa hiyo usijifariji kwamba ulisema kweli. Ulisema kweli, na ni vizuri Chediel harushi tena. Lakini hukuisema kwa ajili ya abiria, na wewe mwenyewe umeniandikia hivyo. Mshukuru Mungu kwa hilo moja, kwamba bado hujaanza kujidanganya.

Unataka kujua kama ukatae kazi. Usiikatae ili ujione mwema. Ukiikataa, kesho itachukuliwa na mtu wa nchi nyingine ambaye hata hamjui Chediel, na huko Itigi hakuna kitakachobadilika. Lakini pia usiing'ang'anie kwa kunyamaza. Nisikilize utafanya nini.

Leo hii, kabla hujaweka gazeti chini, mpigie Raymond. Umwambie ni wewe. Mtu huyo anabeba aibu yako bila kujua, na kila siku unayochelewa unamwibia jina. Ukimaliza, waandikie marubani wenzako wote wale walioandikiwa na Chediel, utaje jina lako.

Halafu iandikie mamlaka tena, safari hii kwa jina lako kamili, useme kwamba uliona na ulificha miezi minane. Najua huenda wakakusimamisha. Najua huenda shirika hilo la nje lisikungoje. Rubani asiyeweza kusema alichokiona mpaka kimpe faida hapaswi kukabidhiwa watu mia tatu, na ni afadhali walijue hilo sasa kuliko baadaye.

Kisha nenda Itigi. Si kwa simu. Usisubiri mama wa watu avae vizuri, apande basi, aje asimame mbele ya ukoo wenu kumbariki mtu aliyemficha ukweli. Hiyo itakuwa dhuluma ya pili, na mbaya kuliko ya kwanza. Baba yako mwambie kabla hujaondoka. Atafedheheka, na atavumilia, ni mtu mzima.

Ukifika kwa Chediel, sema kilichotokea, chote, kisha ukae kimya. Usimwombe akusamehe ili usafiri ukiwa mwepesi. Msamaha ni wake, anaweza akauchelewesha au akakunyima, na wewe huna haki ya kumharakisha. Kazi yako kwake ni moja tu, avimeze vidonge vile. Kijana mwenye maradhi hayo anafanya kazi kwenye mashine yenye mikanda inayozunguka, na wewe unanisimulia kama habari ya kupita. Mwanangu, amka!

Nenda.

Wasomaji, kwa kuwa siku za dada huyu zilikuwa zinahesabika, majibu haya nilimsomea kwa simu kabla hayajachapwa. Ukurasa ukiwa tayari kwenda mtamboni, aliniletea ujumbe ufuatao, na kwa ruhusa yake nauweka kama ulivyo.

"Mama Theodora, shikamoo. Raymond nimempigia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema 'asante kwa kunijulisha,' akakata. Wenzangu nimewaandikia, waliojibu ni wawili. Mamlaka nao nimewaandikia, wameniita nikatoe maelezo, na mpaka hapo siruhusiwi kuruka. Lile shirika nimewaeleza, wamejibu siku hiyohiyo kwamba wanachukua anayenifuata. Baba nimemwambia. Alikwenda mwenyewe kwa mguu kuwaambia wazee wa kanisa kwamba hakuna sherehe.

Jana nilikwenda Itigi. Nilimkuta Chediel kwenye mashine, ameshika sindano ya magunia. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Aliendelea kushona mpaka gunia likaisha, akakata uzi, ndipo akaniuliza, 'Kama wangekuita wewe na kuniacha mimi, ungeandika?'

Nikasema, 'Nisingeandika, kaka.'

Akasema, 'Usiniite kaka.' Halafu akasema, 'Mama yuko nyumbani. Kamwambie mwenyewe.'

Mama Marietha alinipokea kwa furaha, akaanza kuniulizia safari. Nikamwomba akae. Nilipomaliza nilisubiri anifukuze, nilikuwa nimejiandaa kabisa kufukuzwa. Lakini alinitazama kama mtu ambaye hakusikia vizuri, akasema, 'Kwa hiyo alianguka kweli?'

Kumbe hakuwa akijua, mama. Chediel alimwambia kwamba yote ni uongo wa watu wenye wivu, na vidonge alimwambia ni vya tumbo. Nikamwambia, 'Alianguka kweli, mama. Nilikuwepo. Nilimshika kichwa.'

Akauliza, 'Aliumia?'

Nikasema, 'Aliuma ulimi.'

Akajishika mdomo. Akaniuliza ilichukua muda gani, alizinduka vipi, alisema nini, kila kitu, na mimi nikamjibu kila kitu, na ndipo akalia. Kazi ya ndege hakuitaja hata mara moja. Alipomaliza kulia alijifuta kwa kitenge, akafunga nyumba, akaenda kule kwenye mashine kumtoa mwanawe. Mimi hakuniaga, na sikumfuata. Nilisimama kwenye kona ya barabara, pale mashine inapoonekana, nikamwona akiitoa sindano mkononi mwa Chediel, na Chediel, mwanaume mzima, akamwachia."