Baiskeli ya Boma na Mwanao Bakary

Lindi,
Jumamosi, 21 Shaabani 1323
(sawa na 21 Oktoba 1905)

Mpendwa mdogo wangu Rashidi,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Marahaba kwa shikamoo uliyoniandikia. Barua yako niliipokea mwanzoni mwa mwezi huu. Haikuwa na tarehe, nami nimekwisha kukuonya juu ya jambo hilo. U hali gani wewe na shemeji yangu Kudra? Kifua chake kimepoa? Na kazi yako ya gari la moshi huko Tanga inaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili. Chuoni kwangu wamebaki wanafunzi sita tu, kwa sababu wazazi wengi wamewaondoa watoto mjini tangu vita ya bara ilipoanza.

Barua hii isome peke yako kwanza. Kisha umsomee shemeji wewe mwenyewe, polepole. Usimpe mtu mwingine amsomee. Habari ni za mwanenu Bakary. Yu hai.

Unajua kwamba tangu mwaka jana kazi yake bomani ni kuitunza baiskeli ya yule mzungu anayepeleka amri vijijini. Jumatano ya juma lililopita baiskeli ilirudi kutoka upande wa mikoko imejaa tope mpaka kwenye mnyororo. Bakary akaja kuniuliza, "Baba mkubwa, chuma hiki nikisafishe kwa kitu gani?" Mimi sijapata kuigusa baiskeli maishani mwangu. Ningalisema sijui. Badala yake nilimjibu kama mtu ajuaye: aisugue kwa mchanga na makumbi ya nazi kama sufuria, aisuuze kwa maji ya bahari, kisha aipake sifa, yale mafuta ya papa tunayopaka mashua. Nilidhani kinachokinga mbao kitakinga na chuma.

Ilimeremeta siku mbili. Chumvi ikaingia ndani, sifa ikaganda, vumbi na mchanga vikanata humo. Siku ya tatu mzungu alikuwa na barua ya haraka. Mnyororo ulikwama mteremkoni, akaanguka, akarudi kwa miguu na goti limechanika. Shaushi, mkubwa wa askari, akaunusa mnyororo ule akasema hii ni dawa ya watu wa bara. Adija, mkewe Bakary, ni mtu wa Kitomanga, na kaka zake wawili wamekimbilia porini. Basi neno lile likaaminika upesi. Siku chache kabla yake walikuwa wamenyonga watu watatu kwa ajili ya dawa hiyo ya vita.

Walimpiga viboko ishirini na vitano wakimwuliza ni nani aliyempa dawa. Hakunitaja.

Rashidi, sitakuficha. Habari nilizipata Jumatatu asubuhi, nami nilikwenda bomani Jumanne. Siku ile moja nilikaa na kitabu cha nahau ya Kiarabu mapajani, wanafunzi wakiwa mbele yangu, nikijiambia kwamba ninatafakari. Sikuwa nikitafakari. Niliogopa.

Jumanne nilisimama mbele ya mzungu nikasema kwamba mafuta yale ni ya papa, na aliyeagiza yapakwe ni mimi. Karani akatafsiri. Mzungu akatoa hukumu: tukiyaondoa na baiskeli ikaenda kama zamani kabla ya Alhamisi jioni, ataamini kwamba lilikuwa jambo la ujinga. Isipokwenda, ni dawa.

Nilikwenda kwa Abdulrahmani, fundi wa cherehani pale sokoni, kwa kuwa ndiye pekee ninayemjua anayeishi na vyuma vidogo. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu," akasema, "ungaliipaka sifa cherehani yangu, ningalikunyonga mwenyewe." Kisha akafunga duka, tukafuatana.

Tulifanya kazi katika uwanja wa boma, Bakary akiwa na pingu miguuni. Wewe uliyezoea mitambo utapima kama tulikosea. Maji hatukuyatumia tena. Tope kavu tulilitoa kwa kijiti cha mwanzi na nyuzi za nazi. Sifa tuliifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, pingili moja moja ya mnyororo, bila kugusa mipira, maana mafuta hayo huila. Magurudumu tuliyafungua juu ya kanga ya Adija ili gololi zisipotee mchangani; hata hivyo moja iliruka, na Adija akaitafuta kwa magoti mpaka akaiona ukingoni mwa kiatu cha askari. Askari yule hakuuondoa mguu.

"Mzee," aliniambia, "hii ni baiskeli au mashua? Mkimaliza tuitweke tanga."

"Inua mguu, kaka," Adija akamjibu, "tukutweke wewe kwanza."

Wenzake wakacheka, naye akauinua.

Mwishoni Abdulrahmani alitia tone moja la mafuta ya cherehani katika kila kiungo, akayafuta yaliyozidi, kwa sababu mafuta mengi ndiyo yanayokusanya vumbi. Hilo ndilo nililokuwa silijui.

Alhamisi alasiri mzungu aliizungusha baiskeli uwanjani mara tatu. Haikukwaruza. Akashuka, akaamuru Bakary afunguliwe. Nilikwisha kusema alhamdulillahi alipoongeza neno la pili: mtu anayejua kuitunza namna hii atafuatana naye safarini. Jumatatu askari wanakwenda Kitomanga, kisha Kiranjeranje. Bakary atatembea nyuma ya baiskeli, katikati ya bunduki, mpaka mlangoni kwa wakwe zake. Niliomba niende mimi badala yake. Walicheka. Barua hii itakapokufikia watakuwa wamekwisha kuondoka.

Jana Adija alinijia. "Baba mkubwa, mwambie aiharibu kidogo tu, wamrudishe." Nilimkatalia. Ikiharibika tena wataikumbuka dawa, na huko hatakuwapo mtu wa kusema ni ujinga. Kwa hiyo leo asubuhi niliketi na Bakary, ambaye mgongo wake haujapona, nikamwuliza kiungo kimoja kimoja, kama ninavyowauliza wanafunzi, mpaka hakukosea hata kimoja. Nilimpa kichupa cha mafuta na vitambaa. Akanibusu mkono. Hakuniuliza ilikuwaje nikachelewa siku nzima, nami sikupata ujasiri wa kumwambia.

Uliniachia mwana, nami ninakuletea habari hizi. Niandikie yote uliyo nayo moyoni, wala usiilainishe kalamu kwa kuwa mimi ni mkubwa wako. Adija anakaa kwangu. Ana mimba ya miezi mitano.

Mke wangu Mwahija anawasalimu; siku hizi hali chakula vizuri. Nisalimie shemeji Kudra na binti yenu Mboni. Mwenyezi Mungu awahifadhi huko mliko, na amtangulie Bakary katika kila hatua. Katika kila sala, mtajeni kwa jina lake.

Kaka yako akupendaye, anayekuomba radhi,

Abdulatifu Likwata